PS Ikichipiwa, Kesi ni ya Nani?

Swali ninaloulizwa sana tangu nianze kusoma sheria halihusu mirathi, ardhi wala talaka. Linahusu gemu. Nikirudi likizo nyumbani Singida, vijana wa mtaani kwetu Misuna hawanipi hata siku mbili za kupumzika: "Dada, eti mtu akichipu PlayStation yake mwenyewe anaweza kufungwa?" Hapa chuoni swali ni lilelile, ila wanaouliza ni wana hosteli wenye laptop zilizojaa gemu za kukopi, na wanauliza kwa sauti ya chini.

Wengi wanataka jibu la neno moja. Ukiwaambia "ndiyo" unawatisha bure mafundi na wachezaji wasio na kosa. Ukiwaambia "hapana" unaweza kumpeleka mtu jela. Ukweli ni kwamba sheria yetu haihangaiki sana na mashine yenyewe. Inaangalia kilichoingizwa ndani ya mashine, na zaidi ya hapo inaangalia kama kuna hela imepita mkononi. Hayo ndiyo nataka tuyachambue hapa kwa lugha ya kawaida. Mimi ni mwanafunzi, si wakili. Ukikamatwa tafuta wakili, usiende kituoni na jarida hili.

Chipu inafanya kazi gani

Tuanze na kitu chenyewe. PlayStation ya kwanza ilitoka Japan Desemba 1994. CD zake halisi zilikuwa na alama iliyofichwa kwenye mfereji wa diski, alama ambayo kompyuta ya kawaida ikikopi CD haiwezi kuiandika. Mashine ikiwashwa inaitafuta kwanza alama hiyo. Ikiikosa, gemu haifunguki. Alama hiyohiyo ilibeba pia herufi za ukanda: Japan, Marekani au Ulaya. Kwa hiyo hata CD halisi, iliyonunuliwa kihalali Tokyo, ilikataliwa na mashine iliyonunuliwa London.

Chipu ni kipande kidogo ambacho fundi anakichomelea kwa solda ndani ya mashine. Kazi yake ni kuidanganya mashine kwamba alama imeonekana, hata kama haipo. PS2 ilipotoka mwaka 2000 mchezo uliendelea, na mashine hiyo imeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Baadaye hata solda haikuhitajika: memori kadi iliyowekewa programu maalumu inatosha kuifanya PS2 isome gemu kutoka kwenye fleshi. Ndiyo maana PS2, ambayo Sony iliacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, bado inaleta ugali kwenye vibanda vya Singida Mjini, Manyoni mpaka Kiomboi.

Hapa kuna jambo la kushika. Kufuli lile moja linazuia vitu vitatu vilivyo tofauti kabisa: gemu ya kukopi, gemu halisi ya ukanda mwingine, na programu aliyoiandika mtu mwenyewe, labda mwanafunzi wa kompyuta anayejaribu kazi yake. Chipu ikilifungua, imevifungua vyote vitatu kwa mpigo. Ugomvi wote wa kisheria unaanzia hapo, kwa sababu cha kwanza ni haramu na viwili vya mwisho vina hoja nzuri ya kuwa halali.

Mashine ni yako, gemu ina mwenyewe

Utetezi wa kwanza unaousikia mtaani ni huu: "Nimeinunua kwa hela yangu Kariakoo, risiti ninayo, nani anipangie?" Kwa plastiki, waya na bodi, hoja hiyo ina nguvu. Mashine ni mali yako. Unaweza kuifungua, kuibadilisha lenzi, kuipaka rangi, au kuifanya kigoda ukitaka.

Gemu ni habari nyingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inaitambua programu ya kompyuta kama kazi inayolindwa, sawa na kitabu. Ukinunua CD umenunua diski na ruhusa ya kuitumia. Haki ya kuzalisha nakala, kuzisambaza, kuzikodisha na kuionyesha kazi hadharani inabaki kwa mwenye kazi. Tusidanganyane kwamba gemu ya Japan haina ulinzi Singida. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, na nchi wanachama zinalinda kazi za wenzao kama wanavyolinda za kwao. Ni mlango uleule unaompa msanii wa Bongo Fleva haki ya kudai kazi yake ikiibiwa nje ya nchi. Huwezi kuufungua upande mmoja tu.

Sheria hiyohiyo inavigusa pia vifaa vya kukwepea kinga. Kutengeneza au kuingiza nchini, kwa ajili ya kuuza au kukodisha, kifaa kilichobuniwa mahususi kukwepa kinga ya kuzuia kunakili, kunahesabiwa sawa na kukiuka hakimiliki. Soma tena uone nani ametajwa: mtengenezaji na mwingizaji wa biashara. Mchezaji aliyekaa sebuleni kwake hayumo kwenye sentensi hiyo. Kenya wamekwenda mbali zaidi. Sheria yao ya Hakimiliki ya 2001 inasema kuikwepa kinga yenyewe ni ukiukaji, hata kabla hujauza kitu. Kwa hiyo mwenzetu anayesoma Nairobi asijitetee kwa makala haya.

Sheria ya 2015 na neno "isiyopungua"

Mwaka 2015 ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao, Na. 14, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo. Wengi tunaijua kwa ajili ya matusi na taarifa za uongo kwenye mitandao ya kijamii. Wachache wamefika kifungu cha 24. Na tofauti na Sheria ya Hakimiliki ya 1999, ambayo ni ya Bara huku Zanzibar wakiwa na ya kwao ya 2003, hii ya mtandao inafika pande zote mbili za Muungano.

Kwanza, je, PlayStation ni "mfumo wa kompyuta"? Ndiyo. Tafsiri iliyomo kwenye sheria ni pana: kifaa au mkusanyiko wa vifaa vinavyopokea data, kuihifadhi, kuichakata na kuitoa. Mashine ya gemu imo, simu yako imo, na laptop yako imo.

Sasa vifungu. Cha 4 kinakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na bila uhalali. Mashine ikiwa yako, neno "bila uhalali" linakuwa gumu kwa mwendesha mashtaka, maana mwenye ruhusa ya kuingia ni wewe. Ila mashine hiyo ukiitumia kupenya kwenye seva za kampuni, hujaingia tena kwako, umeingia kwa watu. Cha 10 kinakataza kumiliki au kufanyia biashara kifaa, ikiwemo programu, kilichobuniwa au kurekebishwa kwa ajili ya kutenda kosa. Hapa fundi mwenye boksi la chipu, au mwanafunzi anayeuza memori kadi zilizotayarishwa, anatakiwa awe na maelezo mazuri ya kazi yake.

Halafu kifungu cha 24. Kinasema mtu asitumie mfumo wa kompyuta kwa nia ya kukiuka haki za ubunifu zinazolindwa na sheria yoyote. Adhabu zimegawanywa mafungu mawili. Kama ukiukaji si wa kibiashara: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kama ni wa kibiashara: faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili, na juu yake fidia kwa aliyeathirika kadiri mahakama itakavyoona inafaa.

Sisi tunaosoma sheria tunafundishwa kuangalia maneno madogo. Hapa neno dogo ni "isiyopungua". Sheria nyingi husema faini "isiyozidi" kiasi fulani, na hakimu akimwonea mtu huruma anaweza kushuka mpaka chini kabisa. Hii imeweka sakafu. Machozi ya mama mzazi pale kizimbani hayaishushi. Kinachobaki cha kupigania ni neno "nia", kwamba mshtakiwa hakukusudia kukiuka haki ya mtu. Jaribu kulisema hilo ukiwa na fleshi yenye gemu mia mbili usizoweza kueleza ulizipata wapi.

Hesabu ya kibanda

Ninaye mdogo wangu, mtoto wa shangazi, mwenye kibanda cha gemu. Ana televisheni tatu na PS2 tatu, zote zimechipiwa. Mechi ya dakika kumi ni shilingi 500. Wikiendi Simba na Yanga zikicheza, watoto wanajaa mpaka mlangoni, kila mmoja anataka pedi aonyeshe angepiga vipi ile penalti.

Nikakaa naye tukapiga hesabu kwenye karatasi. Milioni 20 kwa shilingi 500 ni mechi 40,000. Televisheni moja kwa saa kumi inatoa mechi 60, tatu zinatoa 180. Kwa hiyo ili kulipa sakafu ya faini anatakiwa achezeshe mfululizo siku 222, zaidi ya miezi saba, umeme usikatike, kodi ya pango asilipe, yeye mwenyewe asile, na shangazi asipewe hela ya dawa. Na hapo fidia bado.

Je, kibanda cha televisheni tatu kweli ni "kibiashara"? Mdogo wangu alibisha: "Dada, hii ni ya kujikimu tu, biashara ni ile ya wenye magodauni." Sheria haijasema biashara kubwa. Kuna bei ukutani, kuna mteja, kuna faida. Ni vigumu kuona hakimu akiliita hilo starehe ya nyumbani.

Na hapa wengi wanashtuka: hata angekuwa na CD halisi, tatizo lisingekwisha lote. Leseni za gemu hizi kwa kawaida ni za matumizi binafsi, zisizo za biashara. Kutoza watu hela wacheze kunagusa haki ya kukodisha na ya kuonyesha hadharani, ambazo nimesema zinabaki kwa mwenye kazi. Kesi ingekuwa nyepesi zaidi, maana nakala ingekuwa halali, lakini isingekuwa imefutika.

Mimi nina maoni yangu hapa na sitayaficha. Sakafu moja ya milioni 20 kwa kijana wa Misuna na kwa msambazaji anayejaza mikoa mitano nakala bandia si haki. Hakimu angeachiwa nafasi ya kupima ukubwa wa madhara. Hilo ni jambo la kupeleka kwa wabunge wetu. Lakini mpaka libadilike, sheria ndiyo hiyo, na kibanda kipo chini yake.

Wenzetu walivyofikishwa mahakamani

Hoja ya chipu imeshapiganiwa sana kwenye mahakama za nje, na matokeo hayakuwa ya upande mmoja.

Australia, bwana Eddy Stevens wa Sydney alikuwa akiuza na kufunga chipu za PlayStation. Sony ikamshtaki. Tarehe 6 Oktoba 2005 Mahakama Kuu ya Australia, ambayo ndiyo ya mwisho kule, ikampa Stevens ushindi. Majaji walisema kinga ya PlayStation haikuwa inazuia kunakili. Ilikuwa inazuia kuchezwa kwa nakala iliyokwisha kutengenezwa. Sheria iliyokuwepo ililinda kinga za kuzuia kunakili. Ushindi ule haukudumu: mwaka 2006 bunge la Australia likaibadilisha sheria ya hakimiliki na kupanua tafsiri ya kinga. Tukumbuke kwamba maneno ya sheria yetu ya 1999 nayo yanazungumzia kuzuia kunakili. Wakili mzuri wa Kitanzania angeisoma kesi ya Stevens kwa makini sana.

Uingereza kesi mbili zilifuatana. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufani ilimwachia Higgs, muuza chipu, kwa sababu upande wa mashtaka ulisema tu kwamba chipu zinawapa watu moyo wa kununua nakala bandia. Majaji wakasema kutiwa moyo hakutoshi, lazima uonyeshe ukiukaji unatokea wakati wa kucheza. Mwaka uliofuata, kwenye kesi ya Gilham, waendesha mashtaka walikuwa wamejifunza. Walieleza kwamba gemu ikichezwa, picha na michoro yake inanakiliwa ndani ya mashine na kwenye skrini, na kwamba huko nako ni kunakili. Rufaa ya Gilham ikatupwa. Chipu ni zilezile na sheria ni ileile, kilichobadilika ni maelezo ya nini kinatokea ndani ya mashine.

Marekani sheria ni kali zaidi. Tangu 1998 wana sheria inayokataza moja kwa moja kukwepa kinga za kidijitali. Mwaka 2009 mwanafunzi wa California State University, Fullerton, aitwaye Matthew Crippen, alikamatwa kwa kuwabadilishia watu Xbox 360 kwa malipo. Mashtaka mawili, kila moja kifungo cha mpaka miaka 5. Kesi ilipoanza kusikilizwa Desemba 2010, jaji aliwakemea waendesha mashtaka, na shahidi wao akaja na maelezo ambayo upande wa utetezi haukuwahi kupewa. Siku ya tatu serikali ikaifuta kesi. Crippen akarudi nyumbani, lakini alikuwa ameishi zaidi ya mwaka mzima akisubiri kujua kama atafungwa. Tunaofanya mitihani tukiwa na stresi ya supp tu, tujipime hapo.

Wa mwisho ni Gary Bowser, raia wa Kanada, aliyekuwa kwenye kundi la Team Xecuter lililouza vifaa vya kufungulia mashine za Nintendo. Alikamatwa Jamhuri ya Dominika mwaka 2020, akapelekwa Marekani, akakiri. Februari 2022 alihukumiwa miezi 40 jela. Alitakiwa kuilipa Nintendo dola milioni 4.5 kwenye kesi ya jinai, na dola milioni 10 nyingine kwenye ya madai. Ametoka jela, lakini deni lipo naye. Kila anachokipata, sehemu inakwenda Nintendo.

Ukiziweka kesi hizi pamoja unaona kitu kimoja. Stevens, Higgs, Gilham, Crippen na Bowser, hakuna hata mmoja aliyefikishwa mahakamani kwa sababu alicheza gemu chumbani kwake. Wote walikuwa wanauza au wanatoza. Mchezaji wa kawaida kwa sehemu kubwa huadhibiwa na kampuni yenyewe. Novemba 2009, kwa mfano, Microsoft ilizifungia Xbox 360 nyingi zilizobadilishwa, wenyewe wakabaki na mashine zisizoweza tena kuingia mtandaoni. Hiyo si hukumu ya mahakama, ni mkataba ulioukubali siku ulipobonyeza "nakubali" bila kusoma.

Fundi asiogope kila kitu

Nisije nikaeleweka kwamba kushika bisibisi ni kosa. Kubadilisha lenzi, kutengeneza pedi, kusafisha feni, kubadilisha pawa saplai, yote hayo ni kazi halali ya mikono. Kuuza mashine iliyotumika ni halali. Kuuza CD halisi uliyoimaliza ni tofauti kabisa na kuuza nakala yake. Kuandika gemu yako na kuijaribu kwenye mashine yako hakuibi kazi ya mtu. Na zipo gemu ambazo wenyewe wamezitoa bure kwa leseni huria, hizo unaweza kuziweka na kuzigawa kwa masharti waliyoyaandika.

Kufungua kufuli la ukanda ili ucheze CD halisi kuna utetezi mzuri, kwa sababu hakuna nakala iliyoibiwa. Hata majaji wa kesi ya Stevens walilitazama kwa jicho la shaka kufuli linalomzuia mtu kutumia kitu alichokilipia.

Simu zina mstari wa namna hiyohiyo. Kuflash simu ili irudi kufanya kazi ni ufundi. Kubadilisha namba ya IMEI ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Tunaikumbuka Juni 2016, TCRA ilipozima simu bandia nchi nzima. Baada ya hapo kukawa na wanaojidai kuwa "mafundi" wa IMEI. Wanaochukua hela ndogondogo pale mabwenini kwa kazi hiyo wajue wanachokibeba.

Wakija kukagua

Sheria iliyolala ina hatari nyingine, nayo nimeiona. Kuna jamaa alifika kwenye kibanda cha mdogo wangu, shati limenyooshwa, faili kwapani, akasema yeye ni mtu wa serikali na gemu zote pale ni za wizi. Akataja miaka mitano jela, kisha akashusha sauti: laki moja na nusu, tuyamalize. Mdogo wangu akatoa elfu sitini aliyokuwa nayo. Hakuonyeshwa kitambulisho wala hakupewa karatasi. Mpaka leo hajui alikuwa nani.

Kwa hiyo yajue haya. Kwanza, omba kitambulisho, kwa heshima. Afisa wa kweli hakasiriki kuulizwa kitambulisho. Pili, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao, kifungu cha 31, mkuu wa kituo cha polisi anaweza kutoa amri ya kuingia, kupekua na kuchukua mashine akiwa na sababu za msingi za kushuku kosa. Usipigane na askari mwenye amri, ila omba uione. Tatu, vikichukuliwa vitu, kifungu cha 38(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinataka utolewe stakabadhi inayoorodhesha vilivyochukuliwa, na sahihi za waliohusika na mashahidi. Karatasi hiyo imeokoa na kuangusha kesi nyingi. Nne, faini inatozwa na mahakama, na malipo ya serikali yanalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, hayalipwi kwa namba ya simu ya mtu. Tano, anayesema "tuyamalize" anaomba rushwa, na TAKUKURU wana namba 113, bure.

Kwa wana hosteli nyongeza ni moja. Kucheza gemu ya kukopi kwenye laptop yako ni fungu la milioni 5. Ukianza kuwauzia wenzako kwa buku buku, au kuwawekea kwenye fleshi kwa malipo, umejihamisha mwenyewe kwenda fungu la milioni 20. Na rafiki anayekuletea wateja asidhani yuko salama. Kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu anayesaidia au kushawishi kama mtenda kosa mwenyewe.

Bumu na chipu

Sababu iliyonisukuma kuandika ni kwamba mdogo wangu anataka kupanda ngazi. Amepata fundi Dar atakayemfundisha. Mpango wake ni kuagiza chipu na memori kadi kwa jumla, kisha awahudumie wenye vibanda wa Manyoni, Itigi na Mkalama, na gemu awawekee. Anasema soko lipo, na sibishi. Anataka nimchangie sehemu ya bumu langu, tugawane faida.

Nilimwonyesha anachokifanya kisheria. Leo yeye ni mwenye kibanda, na kibanda kina kosa lake. Akiagiza chipu kwa jumla anakuwa mwingizaji wa vifaa vya kukwepea kinga. Akiziuza na gemu ndani yake anakuwa msambazaji. Anatoka kwenye kundi ambalo huwa halifikishwi mahakamani na kuingia kwenye kundi ambalo ndilo hasa linafikishwa. Na mimi nikitoa hela nikijua, nimo.

Alikasirika. Aliniuliza swali ambalo sikulidharau: "Gemu halisi ya PS2 nitainunua wapi Singida? Nikifunga, mama atakula hakimiliki?" Ni kweli kampuni zinazolalamika hazijafungua hata duka moja mitaa ile, na bei ya mashine mpya ni mtaji wa duka zima. Lakini ugumu wa kupata kitu halali unaweza kumfanya hakimu asikitike tu. Hauwezi kuishusha sakafu ya kifungu cha 24.

Hela nilimpa, ila kwa ajili ya solda, mita ya kupimia umeme na lenzi za akiba. Sasa hivi anatengeneza pedi na mashine za vibanda vya wenzake, na siku nyingine pedi zinamlipa kuliko mechi. Kibanda bado kipo, gemu za kukopi bado zimo, na hilo ninaendelea kumwambia. Boksi la chipu la Dar hajaliagiza.